Mpira wa Chini ya Goti

Siku Crispulo alipofariki, mguu wa mkewe ulikuwa umeshafungwa.

Aliufunga alfajiri kama alivyoufunga kila siku kwa miaka kumi na tisa. Yeye alikaa kwenye kigoda, Eufemia alikaa ukingoni mwa kitanda, na mguu wa kulia wa Eufemia ulilala juu ya paja la mumewe. Kwanza ilikuja bendeji ya kuvutika, kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Halafu, juu ya bendeji, ukanda mweusi alioukata kwenye tyubu ya tairi la lori, upana wa vidole viwili. Aliuzungusha mara mbili chini ya goti, akaukaza, akafunga fundo lake la kazini. Crispulo alikuwa fundi pancha. Fundo lile ndilo alilofungia kila kitu hapa duniani: mizigo ya wateja, bomba la maji, mlango wa banda la kuku.

Akanywa kahawa, akala mikate miwili, akaenda kwenye kibanda chake cha mabati kando ya barabara inayotoka mjini kwao Nagcarlan kwenda mji wa Liliw. Saa nne asubuhi alikuwa anajaza upepo tairi la gari la abiria. Akakaa chini kama mtu aliyechoka, mkono bado umeshika mpira wa pampu, na hakuinuka tena.

Jioni, nyumba ikiwa imeshajaa watu na jeneza limeshawekwa sebuleni, binti yao Rosenda alipiga magoti mbele ya mama yake. Crispulo alikuwa anaufunga mguu alfajiri na kuufungua jioni. Saa kumi kamili alikuwa anashusha mlango wa kibanda, hata mteja awe amesimama pale na tairi mkononi, jambo lililomfanya aitwe mvivu mji mzima. Sasa ilikuwa saa kumi na mbili.

"Usiguse," Eufemia alisema.

"Mama, jioni imefika."

"Nimesema usiguse. Amefunga yeye."

"Najua amefunga yeye. Na kila jioni anafungua yeye. Leo nafungua mimi."

"Kesho, Senda. Niache."

Senda aliiamini hiyo kesho. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alikuwa ameishi na mama huyu siku zote hizo, na bado aliiamini.

Maziko yalipangwa Jumapili, kumsubiri kaka wa marehemu atoke Davao, mbali kusini. Hizo zilikuwa siku tano. Kabla kahawa ya kwanza ya msiba haijapoa, alifika Nila, dada yake marehemu, na begi moja la nguo na mengine kumi ya masharti. Asifagie mtu, maana atafagia na uhai wa waliobaki. Mgeni asisindikizwe hadi getini. Chozi lisidondoke kwenye kioo cha jeneza. Na asioge mtu ndani ya nyumba yenye maiti.

"Anayetaka kuoga aende kwa jirani," Shangazi Nila alitangaza.

Senda alikwenda kwa jirani. Wote walikwenda kwa jirani. Eufemia hakwenda, kwa sababu hakutaka kutoka mbele ya jeneza hata kwa muda wa kumwaga kata mbili za maji. Akabaki palepale kwenye kiti cha plastiki, miguu chini, kutwa nzima, akiitikia pole na rozari, na ule ukanda wa tyubu ukiwa umemkaba chini ya goti.

Mguu wenyewe haukuwa mguu wa kuchezewa. Eufemia alikuwa amepiga pasi kwa miaka thelathini, suti na mashati ya duka la kukodisha nguo za harusi, amesimama asubuhi hadi alasiri. Mishipa ya mguu wa kulia ilikuwa imejitokeza tangu pajani, minene, imejisokota. Juu ya kifundo ngozi iligeuka rangi ya kahawia, ikawa ngumu na ya kuwasha. Upande wa ndani, karibu na mfupa, palikuwa na kidonda kidogo kilichopona na kufumuka, kikapona na kufumuka, kama mtu asiyejua anataka nini.

Siku ya pili Senda aliona vidole vya mguu.

"Shangazi, mguu wa mama umevimba."

"Kila mtu amevimba. Ni msiba huu."

"Vidole vimekuwa kama biringanya."

"Ndiyo maana nasema asiguswe na maji! Mtu ana joto la huzuni, umwagie baridi? Unamtakia pasma?"

Hapo mazungumzo yakafa, maana pasma haina mpinzani Nagcarlan. Joto likikutana na baridi mwilini, mishipa huasi. Ndiyo maana mpiga pasi hanawi mikono wala miguu akimaliza kazi, husubiri hadi kesho yake. Eufemia alilishika sharti hilo kwa miaka yote thelathini bila kukosa hata siku moja, na bado alikuwa na mishipa kama mizizi ya mti. Senda aliwahi kumweleza hivyo. Mama yake alimjibu, "Fikiria sasa kama ningenawa."

Siku ya tatu bendeji ilitoa doa karibu na kifundo, la rangi ya chai. Siku ya nne doa lilikuwa kubwa kama kisahani na lilikuwa na harufu. Senda alikwenda jikoni, akarudi na mkasi.

Mama yake alimdaka kifundo cha mkono. Walikuwa mbele ya jeneza, wanawake saba wanasali, na hakuna hata mmoja aliyeacha kusali.

"Kata," Eufemia alisema kwa sauti ya chini. "Halafu agiza na jeneza la pili."

"Mama, unaoza."

"Naoza nikiwa kwangu."

"Huo ni mpira wa tairi! Siyo pete ya ndoa!"

"Pete aliinunua dukani. Huu ameufunga kwa mkono wake."

Senda akaweka mkasi juu ya meza, kati ya biskuti na karata za waliokesha msibani. Alielewa. Hata mtoto angeelewa. Na kule kuelewa ndiko kulikomzidishia hasira, kwa sababu baba yake alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale akiwa na shati lake jeupe, na yeye alikuwa hajapata hata nusu saa ya kumlilia. Kila alipokaribia kulia, alijikuta anautazama mguu.

Walimzika Jumapili. Eufemia alijaribu kutembea nyuma ya jeneza, akashindwa kabla ya kona ya kanisa, akapakiwa kwenye kigari cha pikipiki. Makaburini alisimama kwa kumwegemea Shangazi Nila. Jeneza lilipokwisha kuingia, watu wakaanza kutawanyika, kila mmoja na mahali pake pa kupitia. Kutoka mazikoni hairudiwi nyumbani moja kwa moja; lazima upite kwanza mahali pengine, popote, ili kifo kilichokufuata kipoteze njia. Wengine walikuwa wanakwenda kwenye supu, wengine sokoni.

Eufemia na Shangazi Nila walibanana kwenye kigari. Senda alipanda nyuma ya dereva.

"Tupite pale kwa muuza mikate," Shangazi Nila aliamuru, "tunywe soda moja moja, ndiyo twende nyumbani. Usije ukatupeleka moja kwa moja, dereva, nakwambia mapema."

Senda akainama sikioni kwa dereva. "Hospitali."

"Nani kasema hospitali?" Shangazi Nila alikuwa na masikio yaliyosikia kila kitu isipokuwa ushauri.

"Si umesema tusirudi nyumbani moja kwa moja, shangazi? Hukusema tupite wapi."

"Hospitali! Mtoto huyu! Tunakipoteza kifo njia, wewe unakirudisha kwao?"

"Basi kikifika kwao kitabaki. Sisi tutaendelea."

Dereva alicheka, akajifanya anakohoa. Shangazi Nila alimgeukia Eufemia. "Wifi, umesikia? Sema neno! Siku ya kumzika kaka yangu tunapelekwa kutembezwa hospitali!"

Eufemia alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bomba la kigari, uso umemtoka jasho, midomo imekauka. Senda alikaza mikono kwenye kiti akingoja jibu. Kama mama yake angesema nyumbani, ingekuwa nyumbani, na kungekuwa na siku tisa za sala za kumwombea marehemu, na mguu ungebaki kwenye ule ukanda hadi uanguke wenyewe.

"Hospitali wana vitanda?" Eufemia aliuliza.

"Wanavyo."

"Basi tupite. Hakuna sharti linalosema soda."

Hospitali ya wilaya haikuwa na watu wengi siku ile. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, Daktari Abaya, amevaa kandambili za mpira na miwani iliyofungwa kwa plasta. Alipokaribia kitanda, pua yake ilimsimulia mengi kabla ya macho.

"Mama ameoga lini?"

"Tulikuwa na maiti nyumbani," Shangazi Nila alijibu kwa heshima zote, kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Na nyumba ya jirani?"

"Nilikuwa na mume wangu," Eufemia alisema.

Daktari akatikisa kichwa taratibu. "Babu yangu alipofariki, mimi nilioga kwa jirani siku sita. Sabuni yao ilinitoa vipele. Pole, mama." Akavaa glavu, akachukua mkasi.

"Hakuna mkasi hapa," Eufemia alisema.

Daktari akamtazama Senda. Senda akatazama dari.

"Mama, nisikilize. Mguu huu ukikaa hivi hadi keshokutwa, sitakuwa na la kukusaidia. Damu imeingia, haitoki. Vidole vyako vimepoa, nyama inakosa hewa. Unanielewa? Tunaongelea kuubakiza mguu au kutoubakiza."

"Nakuelewa. Si nakataa kufunguliwa. Nakataa kukatwa. Mtu mmoja alifunga, basi afungue mtu mmoja, kwa vidole. Kukata ni kama kumwambia hakujua kufunga."

Daktari Abaya aliweka mkasi chini. Alijaribu fundo kwa kucha, kisha kwa ncha ya koleo, akavuta, akazungusha, akavuta tena. Mpira ulikuwa umezama kwenye uvimbe, fundo limelowa na kukauka na kulowa.

"Limefungwa na nani hili, baharia?"

"Halivutwi," Senda alisema. "Sogea kidogo, daktari."

Alipiga magoti. Alikuwa na miaka saba baba yake alipomfundisha, kwenye tairi la baiskeli, mikono yote miwili ikiwa imetapakaa gundi. Fundo hili ukilivuta unalikaza. Unalisukuma kwanza ndani, kama unataka kulifunga zaidi, ndipo linakuachia. Akaweka vidole gumba viwili na kusukuma. Mama yake akashika reli ya kitanda na kupiga kelele moja fupi, kelele ya kwanza tangu Jumanne. Mpira ukateleza. Ukafunguka mzunguko wa kwanza, ukafunguka wa pili, ukabaki mkononi mwa Senda, na chini ya goti la Eufemia pakabaki mfereji wa zambarau ambao ungetosha kulaza penseli.

Bendeji ilipotolewa, kidonda kilianza kuvuja damu, damu nyeusi iliyokuwa na haraka. Shangazi Nila akaruka.

"Funga juu! Funga juu ya damu!"

"Hakuna kufunga juu!" Daktari alikuwa ameshauinua mguu begani kwake, na kitambaa amekikandamiza kwenye kidonda. "Mlaze, inua mguu, bonyeza. Basi. Damu ya namna hii ikitoka nyumbani, fanyeni hivihivi. Anayekimbilia kamba ndiye anayeizidisha."

Damu ilisimama kabla Shangazi Nila hajamaliza Salamu Maria ya pili. Mguu ulisafishwa kwa maji, na Eufemia aliyatazama maji yale kama mtu anayetazama nyoka. Lakini aliuacha mguu uoshwe. Daktari alipapasa unyayo, akaweka kidude kidogo chenye sauti juu yake, akasikiliza mapigo ya damu, akapumua. Halafu akashika ule ukanda wa tyubu kwa vidole viwili.

"Sasa. Nani alikuwa anamfunga hivi?"

Senda aliuona uso wa mama yake. Ulikuwa umejiandaa kama uso wa mtu anayejua kofi linatoka upande gani.

"Mimi," Senda alisema.

Shangazi Nila alifungua mdomo. "Wewe? Lakini si kaka yangu ndi—" Senda akamkanyaga mguu, tena kwa nguvu zote za siku tano.

"Wewe," daktari alisema. "Una akili timamu?"

"Ndiyo, daktari."

"Damu ya mguuni inatakiwa kupanda. Ndiyo kazi yake, kupanda irudi moyoni. Wewe unakaza juu, chini unalegeza. Umeijengea ukuta! Inapanda, inagonga hapa, inarudi kukaa kifundoni. Kidonda kitapona vipi? Umefanya hivi muda gani?"

"Miaka kumi na tisa."

"Mungu wangu. Kila siku?"

"Kila siku."

"Bendeji inaanzia vidoleni. Inakaza hapa chini, kwenye unyayo na kifundo, na inalegea kadiri inavyopanda. Hata kipofu angehisi tofauti. Ulitaka kumponya au ulitaka kumuua?"

"Kumponya, daktari," Senda alisema, akimjibia baba yake. Eufemia alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

Baada ya hapo daktari alitulia, kama watu wanavyotulia wakishatapika. Akavuta kiti. Akaeleza kwamba ndani ya mishipa ya mguu kuna vimilango vinavyoipitisha damu juu na kuizuia isirudi. Vya Eufemia vilikuwa vimelegea, damu inarudi chini, mshipa unatanuka.

"Kama valvu ya tyubu," Senda alisema.

"Kama valvu ya tyubu," daktari alikubali.

Eufemia akageuka kutoka ukutani. Hilo alilijua. Alikuwa amekula wali wa valvu na tyubu miaka yote ya ndoa. "Valvu ikiharibika haizibwi kiraka," alisema.

"Haizibwi, mama. Kwa hiyo kuna njia kadhaa. Bendeji, halafu kidonda kikipona, soksi ya kubana. Hiyo haiponyi valvu, inasaidia tu, na utaivaa siku zote. Kuna sindano ya dawa ya povu, inaufunga mshipa kwa ndani."

"Sitaki sindano mshipani."

"Kuna upasuaji wa zamani, wa kuung'oa mshipa mzima kutoka nyongani."

"Huo usiutaje tena."

"Na kuna kuuziba kwa joto. Unaingizwa waya mwembamba, sehemu ile tu ndiyo inatiwa ganzi, mshipa unaunguzwa kwa ndani unajifunga. Unatembea siku hiyohiyo. Hospitali ya mkoa wanafanya. Kwako wewe naona hiyo, kama kipimo kikikubali."

"Na damu itapita wapi?" Shangazi Nila aliuliza, mguu aliokanyagwa ameukunja. "Ukimzibia mshipa?"

"Mishipa ipo mingi, shangazi. Huo hauna kazi tena, unaleta fujo tu."

"Mimi namjua mkandaji wa mji wa Rizal," Shangazi Nila alisema. "Anaikanda mishipa kwa mafuta ya nazi na kitunguu saumu, inarudi ndani yenyewe."

"Asiukande mtu mguu huu! Kama kuna damu iliyoganda humo ndani, mkandaji wako ataisukuma hadi kwenye mapafu."

Shangazi Nila akanuna kwa niaba ya mkandaji.

"Na joto?" Eufemia aliuliza polepole. "Unaunguza mshipa kwa joto. Halafu nikioga maji? Hiyo si pasma?"

Senda alifumba macho. Siku tano. Mguu ulikuwa umeponea chupuchupu, na bado sharti la pasma lilikuwa palepale. Daktari Abaya alivua miwani, akaifuta kwenye koti, akaivaa.

"Mama yangu ana saluni," alisema. "Anapiga pasi nywele za watu kutwa. Akimaliza hanawi mikono mpaka asubuhi. Nimesoma udaktari miaka kumi, hajanisikia. Kwa hiyo wewe oga maji ya uvuguvugu, uoge asubuhi. Tukubaliane hapo."

"Hapo sawa," Eufemia alisema.

Kesho yake alfajiri, nyumbani, Senda aliketi kwenye kigoda cha baba yake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Mama yake alikuwa bado amelala chali, mguu juu ya mito miwili kama daktari alivyoagiza, maana bendeji lazima ifungwe kabla mguu haujashuka chini. Alianza vidoleni. Akapita unyayoni, akazunguka kisigino, akakaza kwenye kifundo, juu ya kitambaa cha kidonda.

"Sivyo," Eufemia alisema.

"Ndivyo."

"Chini inabana. Juu inapwaya. Kaza juu."

"Mama, ulikuwepo jana. Ulisikia kwa masikio yako."

"Baridi itapanda. Naisikia inapanda sasa hivi. Baba yako—"

"Baba alikosea!"

Lilimtoka kabla hajalidaka. Kutwa nzima ya jana alikuwa amelibeba tumboni, amelinyamazia kwa daktari, amelinyamazia njiani, na sasa lilikuwa limedondoka katikati ya kitanda. Nje majogoo yalikuwa yanawika. Shangazi Nila alikuwa anakoroma chumba cha pili. Senda alishika bendeji asijue aendelee au aache.

"Hakukosea," mama yake alisema.

"Sawa, Mama."

"Usiniambie sawa. Nisikilize. Mwanzoni alikuwa anafunga hivihivi unavyofunga wewe. Muuza dawa alimwonyesha. Anaanzia vidoleni, anapanda. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimesimama kwenye pasi kutwa, nasikia kitu kinapanda kutoka sakafuni kwenda moyoni, nikamwambia kaza juu kizuie. Akaniambia, Femi, tairi halikabwi shingoni. Nikamnunia siku tatu. Sikumpikia. Siku ya nne akaja na huo mpira."

Senda alimtazama. "Alijua ni kosa?"

"Alijua."

"Miaka kumi na tisa anakukaza kitu anachojua ni kosa?"

"Nilikuwa nanuna vizuri siku hizo."

"Mama!"

"Unafikiri kwa nini alikuwa anafunga kibanda saa kumi? Wateja wanamtukana, wanakwenda kwa fundi mwingine. Alikuwa anakuja kunifungua. Alisema kama lazima anibane, basi asinibane muda mrefu." Eufemia aliutazama mguu wake pale juu ya mito. "Jumanne ile saa kumi ilipofika nilimsubiri. Nilijua yuko kwenye jeneza, nikamsubiri. Halafu wewe ukaja na magoti yako."

Senda alitaka kumwambia mambo mengi. Alitaka kumwambia kwamba watu wawili wazima wameishi kwenye nyumba moja miaka yote hiyo, mmoja anajua na mwingine ananuna, na mguu ndio uliolipa. Alitaka kumuuliza kama amesikia jinsi alivyotukanwa jana mbele ya watu kwa kosa lisilo lake wala la baba yake. Badala yake alianza kulia, bendeji ikiwa imefika katikati ya muundi, akalia kama mtu anayekohoa, bila kuweza kuacha. Mama yake alimwacha alie. Halafu akasema, "Usiilegeze, sasa. Utaanza upya."

Akaanza upya.

Sasa ukanda wa tyubu umeoshwa, na Eufemia ameutumia kufungia waya wa pasi usiburute sakafuni. Anapiga pasi akiwa amekaa, kwenye kiti kirefu alichokitoa Shangazi Nila kwake, na analalamika kwamba kola hazinyooki. Kidonda kimepungua nusu. Kipimo cha mishipa kimefanyika, na mshipa wa mguu wa kulia utazibwa kwa joto katika hospitali ya mkoa tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Senda anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambalo hufungwa saa kumi na mbili. Saa kumi kamili anavua aproni, wateja wakiwa bado wamepanga foleni, na kwenda nyumbani kumfungua mama yake.